Dhahabu tunaipima kila siku, sukari ya damu tunaipima lini?

Kule Ulaya na Marekani paka anapata ugonjwa wa sukari sawa vile mtu anaupata. Anakunywa maji mengi, anakojoa kila saa, anakula vizuri na bado anakonda. Munganga wa wanyama anamwandikia insulini, mara nyingi sindano 2 kwa siku, kisha anamwambia mwenye paka: mashini ya kupimia sukari utaiweka kwako nyumbani, utampima wewe mwenyewe. Na mwenye paka anajifunza. Anapasha sikio la paka kwa kitambaa chenye moto kidogo ili damu ifike, anachoma pembeni ya sikio kwa kasindano, tone moja linatoka, analigusisha kwenye bandeleti, na kisha sekunde chache namba inatokea. Anaiandika ndani ya kaye. Paka anapewa kipande cha nyama, anaenda kulala.

Ndugu wasomaji, musicheke. Wale watu hawafanyi vile kwa sababu pesa zimewazidi tu. Wanafanya kwa sababu wanganga wa wanyama waliona kitu kimoja: paka akifungwa ndani ya kitunga, akipakizwa ndani ya gari na kushikwa na watu asiowajua, sukari yake inapanda kwa woga peke yake. Hata paka mzima, asiye na ugonjwa, namba yake inaweza kupita 200, na wengine wanafika 300. Munganga akifuata namba ile ya woga ataongeza insulini, na insulini nyingi inaua. Njo maana wanasema namba ya kweli ni ile ya nyumbani, pahali paka anakula, anacheza na kulala kama siku zote.

Sasa tuangalie kwetu Ituri. Mama mmoja mwenye sukari anatoka Mongbwalu saa kumi na moja ya asubuhi, juu ya pikipiki. Anapita Nizi, anapita Iga-Barrière, kila barriere na roho juu. Anafika Bunia amechoka, pengine hajakula tangu jana, pengine amekula mikate 2 njiani. Anapanga mustari hospitali, wanamchoma kidole, wanaandika namba moja. Na ile namba ya siku moja, ya safari na woga, njo itaongoza dawa yake kwa miezi 2 ama 3. Akirudi nyumbani, hakuna mtu atajua sukari yake iko wapi mupaka safari ingine, kama barabara itakuwa wazi.

Sisi tunasema hivi: paka wa Ulaya hawezi kupimwa vizuri kuliko mama wa Mongbwalu. Mashini ya kupima sukari iingie ndani ya nyumba ya kila mtu anayejichoma insulini, na kila shantie ya dhahabu iwe nayo angalau moja. Hatusemi munganga aachwe. Tunasema mugonjwa na jamaa yake wafundishwe kupima, wapewe namna ya kupima, na munganga asome namba zao.

Ninyi wachimbaji munaelewa jambo hili kuliko watu wote. Nani kati yenu anauza dhahabu bila mizani? Mukitoka shimoni na vumbi kidogo tu ndani ya karatasi, hamumwambii negosia: "Angalia na macho, unipe bei." Munasimama mbele ya mizani, munahakikisha sindano iko katikati, na kama mizani ya huyu haieleweki munaenda kwa mwingine. Munapigana juu ya sehemu ya gramu. Lakini insulini, ambayo ikizidi inaangusha na ikipunguka inaoza mwili polepole, watu wanajichoma kwa macho. "Leo ninasikia mwili muzito, nitaongeza." "Leo niko muzuri, nitaacha." Mwili unadanganya. Mtu anaweza kuwa na 350 na kutembea sokoni akicheka, kwa sababu mwili wake umezoea.

Kuna wenye kusema: "Sukari ni ugonjwa ya batajiri, sisi banyonge tunakula sombe na bugali, itatutoka wapi?" Hapana. Kuna sukari inayoshika mtu munene mwenye umri mukubwa, ni kweli. Lakini kuna ingine inayoshika mutoto wa miaka 5 ama kijana wa miaka 15, mwembamba, hata nyumbani hawana chai ya asubuhi: mwili wake umeacha kutengeneza insulini. Na mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la ugonjwa wa sukari lilikubali aina ingine, waliyoiita aina ya 5, inayofungana na njaa na utapiamlo. Sukari ya watu wenye kukonda. Mukoa wetu, wenye kukimbizana tangu mwisho wa mwaka 2017, watoto wakikulia ndani ya kambi za wakimbizi, hauwezi kusema haya hayatuhusu.

Na kwa sababu hatupimi, tunaipa majina mengine. Mutu amekonda: banasema ni sumu. Kidonda cha muguu hakiponi mwezi wa tatu sasa: banasema jirani amemuloga. Mutoto analala tu, anapumua mbio, anatapika: banasema malaria, wanamtundikia serumu. Hapo tunaomba wazazi wasikilize vizuri. Serumu nyingi zinazotundikwa ndani ya vituo vyetu ni maji yenye sukari. Ukimtundikia mutoto ambaye damu yake imekwisha kujaa sukari, unamwongezea mzigo. Na upande mwingine, malaria kali inaweza kushusha sukari ya mutoto mupaka azimie, na kinini pia inaweza kuishusha. Njia zote mbili zinaua, na dawa zake ni kinyume. Tone moja la damu juu ya bandeleti linaonyesha uko njia gani. Mwaka 2018 OMS ilitoa orodha yake ya kwanza ya vipimo ambavyo hakuna pahali panafaa kuvikosa, na kipimo hiki cha kidole kilikuwa ndani, kati ya vile vya vituo visivyo na laboratwari. Basi muzazi ana haki ya kuuliza kabla serumu haijatundikwa: "Munganga, mumepima sukari yake?" Si kukosa heshima.

Sasa tuingie shimoni. Kazi ya shimo inakula sukari ya mwili. Mtu anatoboa mawe kuanzia asubuhi, anabeba mifuko ya muchanga, anakula mara moja kwa siku. Kama anajichoma insulini, ama anameza vidonge vya aina ya glibenklamidi, sukari yake inaweza kushuka chini ya 70. Hapo anatetemeka, anatoa jasho la baridi, moyo unapiga mbio, anaanza kuongea maneno yasiyo na muelekeo. Wenzake wanasema: "Huyu amekunywa lotoko." Wanamwacha alale pembeni. Kama imeshuka sana, haamki. Lakini dawa iko ndani ya kila kibanda: vijiko 3 ama 4 vya sukari ndani ya maji, ama nusu ya chupa ndogo ya sikre, mradi mtu bado anaweza kumeza. Wangoje dakika 15, wapime tena. Kama bado iko chini, warudilie. Kama amezimia wasimumwagie kitu kinywani, wamukimbize kwa munganga. Hayo yote timu inaweza kuyafanya yenyewe ikiwa mtu mmoja anajua kushika mashini na PDG amekubali iwekwe pale juu, pamoja na motopompe na vitu vingine vya kazi.

Na tusisahau miguu. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaua mishipa ya kusikia maumivu. Muchimbaji anasimama ndani ya maji mutana muzima, jiwe linamkata, hasikii. Anakuja kuona kidonda wakati kinanuka. Wangapi wamekatwa muguu hapa kwetu na wanasema ni bahati mbaya? Mwenye kupima na kuishusha sukari yake anauchunga muguu wake, na muguu njo kazi yake.

Tunajua wanganga wengine hawapendi habari hii. Wanauliza: mama hakusoma, atasoma namba namna gani? Neno hili ni la zamani. Mwaka 1969 huko Marekani mashini za kupima sukari zilikuwa nzito, za bei kali, na kampuni ilikuwa inauzia wanganga na hospitali peke yao. Richard Bernstein, ingenieri mwenye sukari tangu utoto wake, alikatazwa kuinunua kwa sababu hakuwa munganga. Bibi yake alikuwa munganga, akaiagiza kwa jina lake. Bernstein akaanza kujipima mara nyingi kwa siku, akaona chakula gani kinapandisha, insulini ngapi inashusha, na magonjwa yaliyokuwa yanamumaliza yakaanza kurudi nyuma. Alipoandika habari yake hawakumsikiliza, basi akaenda kusoma uganga akiwa mtu muzima. Alikufa mwaka 2025, akiwa na miaka 90, kisha kuishi na ugonjwa ule karibu miaka 80. Leo hakuna munganga wa Ulaya anayeuliza kama mugonjwa anaweza kujipima. Na mama wa kwetu anayehesabu faida ya mafuta ya mawese sokoni, kwa franka na kwa dolari, bila karatasi, hatashindwa na namba 3 zenye kuandikwa kubwa juu ya mashini.

Basi ajifunze nini? Si mambo mengi.

Kwanza, mikono. Anawe kwa maji na sabuni na akaushe. Mtu aliyetoka kula embe ama muwa, kidole chake kinapimisha embe, namba inapanda bure. Achome pembeni ya kidole, si katikati, na abadilishe vidole.

Pili, bandeleti. Kila mashini ina bandeleti zake, za mashini ingine hazikubali. Kabla ya kununua mashini, aulize farmasi kama bandeleti zake zinapatikana siku zote hapa Bunia. Mashini ya zawadi kutoka mbali, isiyokuwa na bandeleti sokoni, ni mchezo wa watoto. Aangalie tarehe, na afunge kichupa vizuri, kwa sababu unyevu unaziharibu.

Tatu, sindano. Kila kasindano ni ka mtu mmoja, mara moja. Hapa hatutaki kubembeleza mtu. Ituri ilipita ndani ya Ebola kuanzia mwezi wa 8 mwaka 2018 mupaka mwezi wa 6 mwaka 2020, tulizika watu, tulijifunza kwamba damu ya mwingine haiguswi ovyo. Ukimwi na hepatiti B vinapita ndani ya sindano moja ya wawili. Mashini ya shantie ipanguswe na dawa kila mara, mwenye kupimia wengine avae glavu, na sindano zilizotumika ziingie ndani ya chupa yenye kifuniko, zisitupwe pahali watoto wanacheza.

Ine, namba. Asubuhi kabla ya kula, mtu muzima asiye na ugonjwa anakuwa chini ya 100. Ikifika 126 ama zaidi, siku 2 mbalimbali, aende kwa munganga: ndiyo ugonjwa wenyewe. Mwenye kutumia dawa aulize munganga wake ampangie yake, wengi wanaambiwa kati ya 80 na 130 kabla ya kula. Chini ya 70, atafute sukari mbio. Juu ya 300, na mtu anatapika ama anapumua kwa nguvu, asingoje kesho. Mashini zingine zinaonyesha namba ndogo zenye nukta, kama 7,0. Hiyo ni hesabu ingine, unaizidisha mara 18. Mtu asijichome dawa kwa kuchanganya hesabu hizo mbili.

Na yote yaandikwe ndani ya kaye: siku, saa, namba, alikula nini, alifanya kazi gani. Kaye ile njo munganga atasoma. Ina maana kuliko namba moja ya hospitali.

Tunafika kwa swali lenye kuuma: makuta. Mashini yenyewe haisumbui sana, bandeleti njo zinakula pesa, kwa sababu kila moja inatumika mara moja na inatupwa. Hatutadanganya kwamba kila jamaa inaweza kupima mara 4 kila siku. Lakini haiombwi kwa wote. Mwenye kumeza metformini peke yake na mwenye hali nzuri anaweza kupima siku 2 ama 3 mfululizo kabla ya kumuona munganga, asubuhi na kisha kula, na hiyo inatosha kumwonyesha njia. Anayejichoma insulini, mwanamuke mwenye mimba, mutoto, hao njo wa kwanza, hao hawawezi kukaa bila kupima. Wenye kidogo waanzie kwa hao.

Na pesa iko. Sisi watu wa dhahabu hatuwezi kusema pesa haiko. Ndani ya shantie, mbele ya kugawanya, sehemu ya muchanga inatoka kwa PDG, sehemu kwa wenye udongo, sehemu kwa wenye mashini, na mara nyingi sehemu kwa wenye bunduki. Kila siku tunakubali kulipa watu wasiotusaidia kitu. Koperative ikitoa kidogo kila mwezi, itanunua kichupa cha bandeleti na kasha la sindano. Wamama wana likelemba na AVEC, kisanduku cha jamii ndani ya AVEC kinafanya kazi gani kama si hii?

Lakini mzigo usibaki juu ya wanyonge peke yao. Sheria ya madini iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018 inasema kampuni yenye kibali cha kuchimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Tena, katika redevance inayolipwa, 15% ni ya sekteri, sheferi ama commune yenye dhahabu hiyo. Tunauliza wakubwa wa Banyali-Kilo, wa Mambasa, na wa kila pahali mashini kubwa zinageuza mito: ndani ya ile 15%, bandeleti ngapi zimefika kituo cha afya? Munajenga biro, munanunua jeep. Siku moja tuonyesheni kituo kimoja chenye mashini ya sukari isiyokosa bandeleti.

Kuna neno la mwisho, na ni la vita. Hapa kwetu barabara inaweza kufungwa kesho asubuhi. Watu wa Djugu wanajua namna ya kutoka nyumbani usiku na mfuko mmoja: karata ya elekta, sufuria, nguo ya mutoto. Mwenye sukari aongeze insulini, sindano, mashini na kaye. Tena asiogope kupita kipimo kwamba bila frigo insulini imekufa siku ileile. MSF na chuo kikuu cha Geneva walilipima jambo hili juu ya joto la kambi ya Dadaab, kule Kenya, wakatoa matokeo mwaka 2021: kichupa kilichokaa kati ya digri 25 na 37 kilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Chungu cha udongo chenye maji, ndani ya kivuli, kinasaidia. Bunia yetu ya juu haina joto la Dadaab. Ila mwenye kukaa kambini na kula chakula cha kugawiwa, leo muchele, kesho hakuna kitu, huyo njo anahitaji kupima kuliko wote, kwa sababu chakula chake hakina mpango na dawa yake inafuata chakula.

Wengine watasema tunapenda kulinganisha watu na wanyama. Sisi tunalinganisha uangalizi. Paka hajui kusoma, hana makuta, hana sauti kwa assemblée. Anapimwa kwa sababu kuna mtu ndani ya nyumba aliyeamua kwamba hatakufa kwa kubahatisha. Ndani ya nyumba zetu za Mudzipela, za Mongbwalu, za Komanda, mtu huyo anaweza kuwa binti wa miaka 14 anayejua kusoma namba. Afundishwe wiki hii, kwa anfirmie wa karibu ama kwa reko wa avenue. Na wewe mwenye sukari, siku ya rendez-vous usiende mikono mitupu. Peleka kaye.